Jezi ya Kiroboto

Maji yaliyobaki kwenye pipa hayakufika hata magotini, na Mama Kiroboto alikuwa bado hajasuuza hata jezi moja. Aliinama, akachota kwa kopo kuukuu la rangi, akamimina ndani ya beseni lenye jezi nyeupe, akasonya. Bomba la uani mwa bweni lilikuwa limekohoa alfajiri, likatema hewa, likanyamaza. Lori la maji nalo lilipita barabarani bila hata kupunguza mwendo, likaelekea hotelini walikofikia viongozi.

"Wageni lazima waoge," mtunza bweni alimwambia. Alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mdomoni.

"Na sisi tunaofua?"

"Nyie mmeshazoea."

"Nani kakwambia nimezoea? Mimi navumilia tu. Siku ukiniona nimezoea, nichimbie kaburi."

Mtunza bweni akacheka, povu likamdondokea kifuani, akaenda zake.

Mama Kiroboto aliuanza udobi mwanawe akiwa bado tumboni. Alishafua mashuka ya hospitali, maovaroli ya gereji, na nguo za maharusi zilizomwagikiwa mchuzi. Lakini kazi hii ya kuifulia timu ya taifa ya wasichana, kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana ya mpira wa wavu, aliiomba mwenyewe, akaifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka wakachoka kumwona. Alitaka awe karibu na mwanawe. Huyo mwanawe alipewa jina la Kiroboto tangu utoto, maana alikuwa mdogo wa umbo na hakuna mtu aliyeweza kumshika. Timu nzima ililipokea jina hilo, na hata kocha alimwita dobi wake Mama Kiroboto.

Uwanjani Kiroboto alikuwa libero. Libero hapigi mashuti wala haruki wavuni. Kazi yake ni moja: mpira usiguse chini. Na kwa kuwa anaingia na kutoka mchezoni kila mara bila kuomba ruhusa, sheria inataka avae rangi iliyo tofauti kabisa na ya wenzake, ili refa amtambue. Wenzake walivaa nyeupe, yeye nyekundu.

Seti ilikuwa hiyo hiyo moja. "Seti ya pili iko njiani," Katibu wa chama aliwaambia siku ya ufunguzi, na kila alipoulizwa tena ilikuwa bado iko njiani, mpaka wasichana wakawa wanaulizana kama inakuja kwa miguu. Kwa hiyo kila baada ya mechi jezi zilivuliwa zikiwa na jasho, zikafuliwa, zikakaushwa, zikavaliwa tena. Nyeupe kwenye beseni lao, nyekundu kwenye ndoo yake. Na leo mchana ndiyo ilikuwa mechi ya kuvuka au kurudi nyumbani.

"Mama, nikusaidie?" Kiroboto alitokea akiwa na kandambili, nywele hazijachanwa.

"Kalale. Una mechi."

"Nikilala nawaza."

"Basi kaa hapo uwaze umeketi. Nakwenda kuomba maji kwa mafundi." Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo linalojengwa, na mafundi walikuwa na tangi lao la kuchanganyia saruji. Mama Kiroboto alichukua ndoo tupu, akaenda. Mafundi walimtania kwanza, wakamwuliza kama anataka na saruji, kisha wakamjazia.

Aliporudi, ndoo kichwani, maji ya kwenye beseni yalikuwa mekundu kama sharubati.

Akatua ndoo polepole. "Umefanya nini?"

"Nimeichanganya na za wenzangu." Kiroboto bado alikuwa na mikono majini. "Si maji hayatoshi? Halafu hii yangu, Mama, kila siku inafuliwa peke yake kama ina upele. Nikasema leo ikae na wenzake."

Jezi ile nyekundu Katibu aliinunua sokoni dakika za mwisho, na mfuaji hahitaji kuambiwa nguo ya namna hiyo ikoje. Ilikuwa imeachia rangi yake yote. Walipoitoa na kuikamua, ilikuwa pinki. Nyeupe zote nazo zilikuwa pinki. Ukizipanga kwenye kamba, hujui ipi imeambukiza na ipi imeambukizwa.

Mama Kiroboto aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alitaka kugomba, lakini aliutazama uso wa mtoto, akaghairi.

"Ila zimetakata," Kiroboto alinong'ona.

Mama akacheka bila kupenda, kisha akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na sabuni.

Kocha alipoziona alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti imemkauka kwa kupiga kelele. "Wenzake watavaa hivi hivi, pinki haijamuua mtu. Tatizo ni libero. Mimi natangulia na wasichana nikaongee na waamuzi. Wewe zipepee, uzilete kama zilivyo, zitakaukia mwilini."

Getini kwenye ukumbi, mlinzi alimzuia Mama Kiroboto.

"Kitambulisho cha shingoni kiko wapi?"

"Sikupewa. Mimi ndiye dobi wa timu."

"Bila kitambulisho huingii, mama. Amri kutoka juu."

Alimshushia beseni mbele ya viatu. "Timu nzima iko humu ndani. Nirudi nayo? Wacheze na sidiria?"

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Kijana mmoja akasema hiyo mechi yeye angelipia mara mbili, na mwanamke aliye nyuma yake akampiga kofi la kisogo. Mlinzi akatazama huku na huku, akamwonyesha mlango wa nyuma kwa kidevu.

Kwenye ujia, chini ya taa, msimamizi wa waamuzi alizishika jezi mbili, moja kila mkono. Alizisogeza karibu na macho, akazitenga, akazisogeza tena. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha.

"Hazina tofauti. Huyu binti hawezi kucheza kama libero."

"Akivaa fulana nyingine?" Kocha aliuliza.

"Iwe na namba yake na nembo ya nchi yake."

Kapteni wa timu pinzani, binti mrefu kama mlingoti, alikuwa amesimama kando akifuatilia kwa macho. Alikwenda kwenye begi lake, akarudi na jezi ya akiba ya libero wao, ya kijani, akamnyoshea Kiroboto bila kusema neno, maana hawakuwa na lugha moja. Msimamizi alitikisa kichwa. Nembo ya nchi nyingine. Haiwezekani.

Kiroboto alimrudishia yule binti jezi kwa mikono miwili, akainama kidogo. Kisha akaenda kuketi sakafuni, pedi za magoti zikiwa tayari zimefungwa, akageukia ukuta. Kwa kimo chake hakuna mahali pengine ambapo Kocha angeweza kumweka. Ama libero, ama benchi.

Kocha alimpigia simu Katibu. "Hizo jezi za pili, Katibu, tumekwama kabisa... Uwanja wa ndege? Bado?... Haya. Sawa. Nimeelewa, mkubwa."

Kabla hajaweka simu mfukoni, kapteni wa akina Kiroboto aliingia mbio kutoka uwanjani. Alikuwa amekwenda kuchungulia watu.

"Kocha, jezi zimefika."

"Zimefika wapi?"

"Ziko jukwaa la wakubwa. Zimekaa zinakunywa soda."

Kocha aliangalia viatu vyake, na Mama Kiroboto akamwangalia Kocha.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimejua tangu juzi," Kocha alisema. "Waligawana siku zilipofika. Niliambiwa nikifungua mdomo, timu apewe mwingine. Ningefanyaje, Mama Kiroboto?"

Mama Kiroboto alimtwisha kapteni beseni, akamwambia awavalishe wenzake, akapanda ngazi.

Jukwaa la wageni wa heshima lilikuwa na viti vya sponji na meza ndogo zenye vitambaa. Jezi za timu ya taifa, mpya, za bluu, zilikuwa zimewajaa: Mwenyekiti amevaa, mke wake amevaa, wanawe wamevaa, mashemeji wamevaa, na dereva amevaa. Zote bluu isipokuwa moja. Ile moja ilikuwa ya njano, imeng'aa hata macho yanauma, na ilikuwa imevutika juu ya tumbo la Katibu. Siku ya kugawana alizipekua akaipenda hiyo, kwa sababu ilikuwa peke yake na alitaka aonekane. Katibu wa mpira wa wavu, na hakujua ya njano ni ya nani.

"Habari za saa hizi, Katibu."

"Nzuri, mama. Choo kiko kule chini, kulia."

"Sikuja chooni. Nimefuata nguo."

"Nguo gani?"

"Hiyo uliyovaa."

Katibu akacheka, akawageukia mashemeji ili nao wacheke. "Hii? Hii ni zawadi ya kamati."

"Mgongoni ina namba ya mwanangu. Mechi inaanza, na bila hiyo hachezi."

"Sikiliza, mama. Haya ni mambo ya utawala, huwezi kuyaelewa. Andika malalamiko, ulete ofisini wiki ijayo. Usinivunjie heshima mbele ya wageni."

"Mimi ni dobi, baba. Kazi yangu ni kukusanya nguo za timu. Hiyo ni ya timu, na naona imeshaloa jasho. Vua."

Hakupaza sauti. Lakini chini kidogo ya uzio, kwenye viti vya mbao, alikuwepo mwanamke aliyepakata mtoto, na yeye alikuwa amesikia kila kitu.

"Kumbe jezi za watoto ndiyo hizo!" akapayuka. "Vua, wewe!"

"Vua!" akaitikia mzee mmoja wa safu ya nyuma yake.

Neno likatambaa safu kwa safu. Wenye ngoma wakalidaka, wakaliwekea mdundo. Ukumbi mzima ukawa unasema vua, vua, vua, na wengine hawakujua avue nani, lakini walisema kwa moyo. Kule uwanjani wasichana wa timu pinzani waliacha kupasha misuli. Neno lenyewe hawakulijua, ila mdundo walikuwa nao, wakapiga makofi pamoja na watu. Mpiga picha wa televisheni akageuza kamera.

Mgeni aliyetoka makao makuu ya shirikisho alimwinamia Mwenyekiti na kumwuliza jambo. Mwenyekiti alitabasamu kwa meno yote, akavuta koti lililokuwa mgongoni mwa kiti, akajifunika jezi yake ya bluu mpaka shingoni. Kisha akasema bila kugeuza kichwa, "Vua bwana, tunaonekana."

Katibu alivua. Ilimkwama kichwani, shemeji akamsaidia kuvuta. Alibaki na fulana ya ndani yenye tundu kwapani, na ukumbi ukapiga vigelegele ambavyo hata mfungaji wa pointi hajawahi kuvipata.

"Kesho nisikuone bwenini," alimwambia Mama Kiroboto. "Kazi huna. Umenisikia? Huna."

"Kazi ipi? Maji mmeyapeleka kwenu huko, kesho ningefulia mate?"

Aliikunjua ile jezi, akaikung'uta kwa nguvu mara moja kama anavyokung'uta nguo zote kabla ya kuanika, akaitupa chini kupitia uzio. Kiroboto alikuwa ameshasimama pale. Aliidaka kabla haijagusa sakafu.

Ilimfika mapajani. Aliichomeka ndani ya bukta, ikatuna kiunoni kama mto, na kapteni akamvuta kitambaa nyuma mpaka namba ikasomeka. Msimamizi wa waamuzi alimtazama kutoka mbele, akamzungusha, akamtazama kutoka nyuma, akatikisa kichwa kukubali. Pinki na njano. Hata kipofu angetofautisha.

Katibu alikuwa ametoka kutafuta shati. Kiti chake kilikuwa kitupu, na miguu ya Mama Kiroboto ilikuwa imesimama tangu alfajiri. Akaketi. Sponji ilimmeza, akajisogeza mbele ili aone vizuri. Mke wa Mwenyekiti alivuta mkoba wake upande wa pili. Mama Kiroboto alimsalimia, hakujibiwa, akageukia uwanjani.

Wapinzani walikuwa warefu na wanapiga kwelikweli. Shuti la kwanza liliingia, la pili likaingia. La tatu Kiroboto alilifuata kwa kifua, akateleza sakafuni kama samaki, na mpira ukapanda.

"Mama." Mlinzi wa jukwaa, kijana mwenye suti iliyompwaya, alikuwa amemwinamia sikioni. "Samahani, mama yangu. Hapa ni pa wakubwa. Nimeagizwa nikutoe."

Kule chini mpira ulirudi, ukapigwa tena, na ile nukta ya njano ikawa tayari iko pale ulipokuwa unaangukia. Ukapanda. Ukarudi kwa kishindo, kona nyingine. Kiroboto akaruka na mkono mmoja, akaanguka kwa bega, na mpira ukapanda juu kabisa, karibu na taa, watu wote wameinua videvu.

"Utanitoa, mwanangu, sikatai," Mama Kiroboto alisema bila kumtazama. "Ngoja kwanza mpira ushuke."

Kijana alinyosha mkono amshike bega. Kisha naye akainua macho, akausubiri.