Bastola ya Akiba

Bupe alikuwa na bastola mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni. Aliivaa kiunoni akiwa zamu, na zamu ikiisha aliikabidhi stoo. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe, ndogo, yenye leseni kwa jina lake, na aliivaa kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ndani ya suruali, mahali ambapo hakuna anayeweza kuiona. Hiyo hakuikabidhi popote. Alikwenda nayo sokoni na kanisani, na hata nyumbani kwake Isipingo, pembeni ya Durban, kwenye vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, alipika ikiwa mguuni.

Hakuja Durban kutafuta maisha ya silaha. Kwao ni Tukuyu, na alimfuata mume wake, Niyonkuru, Mrundi aliyekuwa akichomelea vyuma kwenye kiwanda kimoja eneo la Jacobs. Niyonkuru alifariki kwa ugonjwa wa figo, binti yao Anaïs akiwa na miaka mitatu. Bupe akampeleka mtoto kwa bibi yake Tukuyu, akasema ni kwa mwaka mmoja tu, mpaka ajipange. Akarudi Durban, akapata kazi ya ulinzi. Mwaka mmoja ukawa saba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuitikia ving'ora vya nyumba za kitongoji cha Queensburgh. Kengele ikilia, yeye na dereva wake, Ildephonse, Mkongo, walifika na gari, wakazunguka ua, wakakagua madirisha. Mara nyingi ni paka tu, au mwenye nyumba amesahau namba ya siri. Lakini miaka miwili iliyopita, saa tisa alasiri, mtu alimrukia kutoka nyuma ya gereji, akamkaba, akachomoa bastola yake kiunoni. Bupe alianguka chini, akamwona yule mtu akiirudisha nyuma slaidi ya ile bastola ya kampuni, tayari kufyatua. Mkono ukaenda kifundoni bila kuambiwa. Alipiga risasi moja, ikampata pajani, yule mtu akaanguka.

Tangu siku ile, bila kile kichuma mguuni alijiona yuko uchi. Na tangu siku ile hakuna aliyemgusa. Kanisani, akina mama wakikumbatiana baada ya ibada, yeye aliwahi mlango wa kando. Mtu akitaka kumshika bega kwa nyuma, alishtuka mwili mzima. Akizungumza na Anaïs kwa simu kila Jumapili, aliukumbatia mto kifuani bila kujua anafanya hivyo. Alimtaka mtoto wake kama mtu anavyotaka maji. Bibi aliwahi kumtumia picha ya unyayo wa Anaïs uliochorwa kwenye karatasi, ili amnunulie viatu, na Bupe alikaa na ile picha wiki nzima akiifungua na kuifunga.

Kisha bibi akaanza kuugua miguu, na dada yake Bupe, Doris, akasema basi, mtoto aende kwa mama yake, yeye mwenyewe atamleta.

Siku ya kuwapokea ilikuwa Jumamosi. Ildephonse alijitolea kumpeleka stendi ya mabasi kwa gari lake. Bupe alipoingia, Ildephonse akamtazama anavyokaa, akaguna.

"Dada Bupe, hiyo ya mguu umevaa?"

"Nimevaa."

"Leo ungeacha. Iko mtoto anakuja, haiko mwizi."

"Na pale stendi hakuna wezi?"

"Eish. Wezi iko mingi," akasema Ildephonse, akawasha gari. "Lakini mimi niko na wewe."

Bupe akafunga mkanda wa gari. Alikuwa amesimama mlangoni kwake dakika kumi kabla ya kutoka, ameishika bastola mkononi, akijaribu kuiacha. Alishindwa.

Basi la kutoka Johannesburg liliingia saa nne na nusu. Abiria walimwagika, wakasukumana kwenye mizigo. Bupe alinyoosha shingo akitafuta mtoto wa miaka mitatu, ingawa alijua fika kwamba hayupo tena. Akamwona Doris, na kando yake msichana mrefu, kichwa kimenyolewa, ana sweta ya shule ya kijani na macho ya Niyonkuru.

"Anaïs, mama yako yule," Doris akasema.

Msichana aliacha begi, akaja mbio. Hakurukia shingo. Alifanya kama alivyolelewa: alipofika mbele ya mama yake alipiga magoti, akainamisha kichwa, na kwa furaha akamkumbatia miguu yote miwili.

"Shikamoo mama."

Vidole vyake vilikamata kifundo cha kulia.

Bupe hakuwa ameamua lolote. Mguu ulirudi nyuma wenyewe, mkono wa kushoto ukaupiga ule mkono mdogo kwa nguvu, na wa kulia ulikuwa tayari umeshika upindo wa suruali. Anaïs akaanguka kwa makalio kwenye lami. Watu wawili watatu waligeuka. Doris aliziba mdomo.

"Marahaba," Bupe akasema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Marahaba mwanangu. Samahani. Inuka."

Mtoto aliinuka, akajipangusa, akaenda kusimama nyuma ya Doris.

Njiani Ildephonse alikuwa akimwonyesha Anaïs meli zilizosubiri baharini, na Anaïs akiitikia, "Ndiyo mjomba. Nimeziona mjomba." Bupe alikaa mbele, akimwangalia kwa kioo. Mtoto alikuwa ameupakata ule mkono uliopigwa.

Nyumbani walikula wali na maharage. Doris akaenda kuoga. Anaïs alibaki kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, kama mgeni aliyekuja kuomba kitu. Mwishowe akasema:

"Mama, mguuni una kidonda?"

Bupe alimtazama.

"Nilikishika kwa nguvu," mtoto akaendelea. "Sikujua. Bibi naye ana kidonda mguuni, ukimgusa anapiga kelele."

Jibu la uongo lilikuwa karibu sana, na Bupe alilichukua. "Ndiyo. Ni kidonda."

Anaïs akainuka mara moja, uso umefunguka kwa mara ya kwanza tangu stendi. "Bibi namwosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi. Kila jioni mimi ndiye ninayemwosha. Chumvi iko wapi?" Akaingia jikoni. Birika likasikika likijazwa. Baadaye kidogo akarudi na beseni ameshika kwa mikono miwili, maji yakicheza, akaliweka chini mbele ya mama yake. Akapiga magoti. Safari hii hakugusa. Alisubiri.

Bupe aliangalia yale maji. Aliona kwamba akinyamaza dakika moja zaidi, atakuwa amemfukuza mtoto huyu mara ya pili.

"Sogea kidogo," akasema. "Nimekudanganya. Si kidonda."

Alipandisha suruali, akafungua ala, akatoa bastola. Aliigeuzia ukutani, akatoa magazini yenye risasi, akatoa na risasi iliyobaki ndani ya mtutu, akaviweka mezani kimoja kimoja. Akamweleza habari ya yule mtu wa gereji, yote, bila kupunguza.

"Alikufa?" Anaïs akauliza.

"Hapana. Alipona. Yuko gerezani."

"Na wewe ungekufa?"

"Ningekufa."

Mtoto akautazama mlango. "Hapa ndani watakuja?"

Bupe alitaka kusema hawatakuja kamwe. "Sijui, mwanangu. Mlango ni wa chuma, na majirani wapo. Lakini sijui."

Akaifungia bastola kwenye sefu ya chumbani, akarudi. Mguu ulikuwa mwepesi mno, akatembea kama mtu aliyetoka kufunguliwa plasta ya mguu uliovunjika. Maji yalikuwa bado ya uvuguvugu. Akaingiza miguu yote miwili. Anaïs hakuiosha. Alikaa kando ya beseni, akitazama alama nyekundu ambayo mkanda ulikuwa umeichora kuzunguka kifundo.

"Inauma?"

"Inawasha tu."

Doris aliondoka Jumatano. Tangu hapo bastola ilikaa kwenye sefu kila Bupe alipokuwa ndani, na aliivaa kila alipotoka, maana hakuweza kutoka bila hiyo, na hakutaka kujidanganya kuwa ataweza. Anaïs alimwamkia kila asubuhi kutoka mlangoni mwa jikoni, umbali wa hatua nne. Bupe aliitikia, akageukia jiko, akajizuia asimwite. Alikuwa naye chumba kimoja, na bado alikuwa akimkumbuka kama alipokuwa Tukuyu.

Wiki ya tatu shule ikaanza. Walishuka ngazi pamoja, Bupe amevaa sare ya kazi. Taksi ya wanafunzi ilisimama ng'ambo ya barabara kubwa, baada ya robot, kama waitavyo Durban taa za barabarani. Kwenye ukingo wa barabara Anaïs alisita.

"Leo umevaa?"

"Nimevaa."

"Upande gani?"

"Kulia."

Msichana akapita nyuma yake kwa uangalifu, akahamia kushoto, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na kikubwa kuliko Bupe alivyofikiri. Robot ilikuwa nyekundu. Bupe alisimama wima kabisa, akiomba ichelewe kugeuka kijani.