Kamba Iliyokatwa Piedra Seca

Kitanzi kilikuwa kimeshaning'inizwa mtini kabla hata hakimu hajakaa. Jacinta Barela alikiona kupitia dirisha la baa iliyogeuzwa mahakama mjini Piedra Seca. Kaka yake Eleuterio, mchunga ng'ombe, alishtakiwa kwamba alimnasa Haskett, mwenye ranchi, kwa kamba, akamburuta kwa farasi mpaka akafa. Na baraza la kuamua kesi lilikuwa la Watexas weupe watupu.

Shahidi, Clem Rudd, kibarua wa marehemu, alitema tumbaku kwanza.

"Nilimwona huyu Mmeksiko kwa macho yangu! Kamnasa bosi, kamburuta. Maiti ikakwama kwenye mwamba. Akachomoa kisu, akaikata kamba pale kwenye pembe ya tandiko, akatoweka!"

"Anyongwe!" watu wakapaza sauti.

Jacinta nusura acheke. Mjinga huyu kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe!

"Mheshimiwa, naomba kusema!"

"Kaa chini, muuza chapati!" mmoja akamzomea.

Hakimu Pruitt akagonga meza kwa kitako cha bastola. "Aseme. Kwa kifupi."

"Kaka, inua mkono."

Eleuterio akainua mkono wa kulia. Haukuwa na dole gumba.

Kila mtu mle ndani alijua lilikokwenda. Wachungaji wa Kimeksiko huizungusha kamba kwa mkono, bila kuifunga, kwenye pembe ya tandiko, kile kigingi cha mbele ya kiti cha farasi, na fahali akivuta vibaya, kidole huondoka. Watexas huwacheka, maana wao huifunga fundo kabisa kwenye pembe hiyo kabla ya kuirusha.

"Sisi tukitaka kuachia, tunaachia tu," Jacinta alisema. "Nani anakata kamba ambayo hakuifunga?"

Mwenyekiti wa baraza, mzee Amos Teague, aliwachukia Wameksiko tangu ujana na wala hakuficha. Alitoka nje mpaka kwa farasi wa Rudd, akarudi na kamba. Ilikuwa mpya kabisa, bado ina harufu ya dukani.

"Clem, ile ya zamani iko wapi?"

Rudd akakodolea macho mlango.

Hapo pakachafuka! Wale wale wenye kitanzi wakamrukia Rudd wamtoe nje. Jacinta naye akajikuta anapiga kelele, "Anyongwe!" kwa furaha tupu, mpaka Eleuterio alipojitupa mlangoni na pingu zake.

"Mrudisheni! Naye asikilizwe."

"Toka njiani, bwana, tunakulipizia!"

"Nani kawatuma? Mimi nilitaka kusikilizwa tu."

Jacinta aliona aibu, akafunga mdomo. Teague alimkazia macho Eleuterio, kisha akavuta kile kiti cha mshtakiwa.

"Kaa, Clem."

Hakimu akaamuru kitanzi kishushwe. Hakuna mwanamume aliyesogea, basi Jacinta akaenda mwenyewe. Lakini lile fundo la Kitexas lilikataa katakata kufunguka, ikabidi arudi ndani kumwomba Teague kisu.

Teague akampa.