Kiti Hakidanganyi

Fundi wa viti vya magari aliitwa Mwindaji, na jina hilo hakulipata kwa kuua mnyama. Alilipata kwa koti. Alijishonea mwenyewe, la kaki, lenye mifuko mingi hivi kwamba simu ikilia ilibidi ajipekue kama askari aliyekamata mwizi. Kila msimu wa kanga wa porini ulipofunguliwa alikata kibali, akavaa koti, akafuatana na baba mkwe wake vichakani. Kanga walirudi na baba mkwe. Yeye alirudi na kupe.

"Mwindaji, leo umepata wangapi?" wenzake wa karakana waliuliza.

"Wawili. Mmoja kwapani, mwingine mahali ambapo hamwezi kunikagua."

Alizoea kujicheka kabla hajachekwa, maana hivyo huuma kidogo. Lakini kwenye viti, thubutu! Hapo hakuwa na mzaha. Mpe kiti cha gari, akupe maisha ya mwenye gari. Hiki kimebonyea upande wa mlango: dereva wake mvivu, anaegemea dirisha, mtu kama huyo hata oili habadilishi. Kile mshono umechakaa pembeni: gari la kupanda na kushuka kutwa, limechoka. "Injini itakudanganya," alisema, kidole juu kama mhubiri. "Dalali atakudanganya. Kiti hakidanganyi."

Mwaka ule sasa gari lilitakiwa nyumbani kwake mwenyewe. Mkewe, muuguzi, alihamishiwa hospitali ya mlimani. Basi liliishia chini ya mlima, na kutoka hapo ilikuwa barabara ya udongo mwekundu ambayo mvua ikiigusa tu inakuwa sabuni. Hospitali ikampa chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Akaja na ufunguo wake, akauning'iniza kwenye msumari pembeni ya kalenda.

"Sitaki kukaa kule," alimwambia mumewe. "Lakini mgongo wangu umechoka na ule mlima. Mvua zikianza na hatuna gari la kuaminika, nitahamia, niwe nakuja huku siku za mapumziko. Usije ukanilaumu."

"Sista," mumewe akajibu, maana alimwita hivyo, kama wagonjwa wanavyomwita, kila alipoingiwa na hofu, "gari litapatikana."

Na hofu ilikuwa ya kweli. Nyumba bila yule mwanamke aliijua. Alishaionja wiki mkewe alipokwenda semina, akala mikate mitupu na kuongea na redio. Hata hivyo, tusifichane. Alipofumba macho ili aone gari la kumpeleka mkewe kazini, aliona gari jeupe la juu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, taa nne kwenye keria, na yeye kwenye usukani ndani ya koti lake, kanga wamejaa nyuma. Mkewe alikuwemo pia kwenye picha hiyo. Mahali fulani. Labda anafungua geti.

Walikwenda yadi ya magari yeye na baba mkwe, mpimaji ardhi mstaafu, mzee wa maneno machache. Mzee alisimama kwenye gari la kijivu lenye sura ya mtu aliyeamshwa vibaya. Akafungua boneti, akasikiliza injini, kisha akalala chali kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akachungulia chini. Akainuka.

"Hili," alisema.

Fundi akafungua mlango. Loo! Kiti cha dereva kilikuwa kimepasuka, sponji inachungulia, springi moja imetokeza kama kidole cha kumsuta mtu.

"Baba, kwa heshima zote," alisema, "hapa limekaa taifa zima. Gari hili limekwisha."

Ndipo akaliona la pili. Jeupe. La juu. Taa nne. Dalali alikuwa ameshafika, anatabasamu.

"Kizuri chajiuza, bosi wangu."

"Sasa mbona unakisaidia?" mzee akauliza.

Fundi hakuwasikia. Alikuwa ameshaingia ndani, na amenyamaza kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Akapitisha kidole juu ya mshono wa kiti cha nyuma, polepole, hadi kwenye kona, akarudi nao. Macho yakamlainika.

"Baba, njoo uone mkono huu! Hii ni kazi ya kiwandani, haijaguswa. Siku hizi mafundi wa kushona hivi wako wapi? Mimi mwenyewe siwezi." Akaivuta gia ndogo ya kuunganisha magurudumu ya mbele, ikaja bila kubisha. "Na gia hii! Laini kama siagi."

Mzee akakunja mikono ya shati, akaanza kupiga magoti alale tena chini. Fundi akaruka nje akamdaka mkono. Kumlaza baba mkwe wako mavumbini mara moja ni bahati mbaya. Mara mbili, tena mbele ya dalali, ni laana ya kujitakia.

"Hapana, baba, usijichafue kwa ajili yangu. Kiti kimeshasema."

Mzee akamtazama, akajipangusa magoti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu huchukua muda wake kuvunjika. Kwenye lami gari jeupe lilikwenda kama bibi harusi.

Nyumbani mkewe alilizunguka, akakaa kwenye usukani, akashika mgongo. Fundi akashtuka. Akaleta futi yake ya kupimia.

"Shuka. Geuka. Inama kidogo. Panauma hapa, au hapa chini?"

"Hapo chini. Taratibu, mimi si sofa."

Mchana kutwa alikuwa akikisogeza kiti mbele na nyuma, kisha akaketi kwenye cherehani akamshonea kijimto cha kuegemeza kiuno, cha kitambaa cha kahawia, kikakaa mahali pake sawasawa. Hayo aliyafanya bila hotuba, na ndiyo maana hakuyahesabu kuwa kitu. Alichohesabu ni zile taa nne.

Mvua zikaanza siku ileile msimu wa kanga ulipofunguliwa. Asubuhi mkewe alishika usukani, yeye pembeni na koti lake. Wangepitia hospitali, kisha yeye angeendelea kwa baba mkwe, aliyeishi juu kidogo ya hapo. Katikati ya mlima gari likaanza kuteleza, likasimama, likanguruma papo hapo.

"Weka ile siagi yako," mkewe akasema.

Akaiweka. Magurudumu ya nyuma yakazunguka na kurusha tope hadi kwenye zile taa nne. Ya mbele yakatulia, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Akakata matawi, akayatia chini. Akatia mawe. Akasukuma, akaanguka kifudifudi, akasimama mwekundu mwili mzima. Mkewe akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kuanza kung'oa kiti.

"Unafanya nini? Hicho ni kiti!"

"Nina wagonjwa wananisubiri. Shika huku."

Wakakilaza kiti mbele ya gurudumu, mgongo juu. Mkewe akarudi kwenye usukani, akakanyaga mafuta. Gurudumu likakipanda kiti, likakitafuna, mshono ule usio na mfano ukafumuka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikaruka sponji. Baada ya sponji kikatoka kitambaa, kirefu, cha mistari ya kijani, kikalala kwenye tope.

Mkewe akazima gari. Akashuka, akakiokota, akakikung'uta. Kilikuwa na kola. Kilikuwa na mfuko, na kwenye mfuko doa la wino.

"Hii ni sare yangu ya chuoni," akasema. "Doa hili ni kalamu iliyovuja siku ya mtihani. Nilikupa ufutie oili ya cherehani."

Mwindaji akakaa chini, kwenye tope, palepale. Ikamrudia yote. Walikuwa wamefunga ndoa juzijuzi. Mtu alimletea viti vitupu kwenye pikapu, gari lenyewe fundi hakuliona. Sponji ikapungua kwenye kona, na mkono wake ukatafuta cha karibu cha kujazia. Na mshono ule aliokuwa akiuota usiku, jamani, ulikuwa wa mkono wake mwenyewe.

"Si ulisema ni kazi ya kiwandani?"

Nyani haoni kundule. Huyu alilikalia, akalisifia, kisha akalinunua.

"Nicheke basi," akasema.

Mkewe hakucheka. Akatazama saa, akampigia baba yake.

Mzee alishuka mlima taratibu, ndani ya gari la kijivu. Kumbe alirudi yadi akajinunulia, na hakuona sababu ya kutangaza. Alilala chali kwenye tope, safari hii bila wa kumzuia, akatoka.

"Chuma kinachopeleka nguvu mbele hakipo. Kimeng'olewa. Hiyo gia yako inahama hewani tu."

"Ndiyo maana laini," fundi akasema kwa sauti ndogo.

Mkewe akachukua mkoba wake, akarudi mara moja kwenye gari jeupe akachukua kitu kingine, akapanda la kijivu. Hakugeuka. Gari likapanda mlima kama vile hakujawahi kunyesha.

Akabaki peke yake, na mifuko yake yote, akisubiri trekta la kumkokota. Hapo ndipo kanga walipotoka kichakani. Wanono, wa madoadoa, wakavuka barabara mmoja mmoja mbele ya pua yake. Bunduki ilikuwa ya mzee, na mzee ameshaondoka. Wa mwisho alisimama, akalitazama koti, akaendelea na safari zake. Siku nyingine angelitunga hilo liwe kichekesho cha karakana. Siku hiyo lilimpita tu.

Trekta likaliacha gari kwa baba mkwe, naye akarudi nyumbani kwa miguu na basi. Alipoingia, jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye kalenda. Msumari ulikuwa mtupu.

Mkewe ameuchukua ufunguo. Akasimama kuutazama msumari huo, tope likimkaukia masikioni, na moyo ukamuuma hasa. Mchuma janga hula na wa kwao, basi huyu aliwalisha mpaka wakashiba. Akatoa begi juu ya kabati. Akakunja sare za mkewe, moja moja, kola ndani, kama yeye mwenyewe anavyopenda. Akaweka viatu vya zamu, akaweka mafuta ya kuchua mgongo. Angempelekea kesho, asipate taabu ya kuyafuata.

Jua halijazama mlango ukafunguka. Mkewe akaingia, akaona begi.

"Unasafiri?"

"Wewe. Nimekufungia vitu vyako vya kule chumbani."

"Chumba kipi? Nilishakirudisha."

"Lini?"

"Siku ulipoleta lile gari. Unapita hapo kila siku, hujaona msumari?"

Fundi akaketi juu ya begi. "Kwa hiyo uliliamini gari langu," akasema, na akaona haya mara mbili zaidi.

"Gari?" Sasa ndipo mkewe alipocheka, akacheka akajishika mlango. "Gari lenye taa za kuwindia ndege wanaolala na jua? Sikuliamini hata dakika moja. Niliamini aliyenipima mgongo."

Mwindaji akainamisha kichwa. Alitafuta mzaha kwenye mifuko yote ya koti lile, asipate hata mmoja.

"Baba anasema tutumie lake mpaka mvua ziishe," mkewe akaendelea, "na anakuomba kitu kimoja: viti vyake usiviguse. Ila hiki nimehama nacho." Akatoa kwapani kile kijimto cha kahawia, akamwekea mapajani. "Ile springi imenifumulia huku pembeni. Nishonee, kesho naingia zamu ya asubuhi."