Tobiasine na Majina ya Mwambao

Kisiwani kwetu, kaskazini ya mbali kwenye bahari ya barafu, tuko watu sabini na wawili, na hakuna aliyeujua mwambao wake kama mama yangu mkubwa, Tobiasine. Kila ghuba, kila jabali, kila jiwe linalochungulia maji yakipwa, alilijua kwa jina, na kila jina lilikuwa na habari yake: nani alizama hapo, nani alizaliwa hapo safari haijafika, na zile familia tatu zilizotangulia kuja zilikula nini mwaka wa njaa.

Mume wangu Pavia, mwindaji hodari, alipenda kumtania. "Mama, kwako kila kokoto limebatizwa! Mashine yangu ya ramani hainipigii hadithi, inanionyesha njia tu."

"Haya, baba. Siku ikikuzimikia, iombe ikuimbie."

Agosti iliyopita Pavia alitoka peke yake na boti kufuata nyangumi wenye pembe. Mchana ukungu ukashuka, mzito kama manyoya. Mara nikaisikia sauti yake redioni.

"Mashine imeingia maji, imekufa. Sioni hata pua ya boti. Na barafu inanisukuma."

Nilitoka mbio. Tobiasine alikuwa nje ya nyumba yake akikwangua mafuta kwenye ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Hakuuliza mara mbili. Alikuja na mikono yake ya mafuta vilevile, akashika redio.

"Zima injini. Unasikia nini?"

"Ndege. Wengi, juu yangu."

"Wanakoroma au wanalia kama watoto?"

"Kama watoto."

"Onja maji."

"Hayana chumvi sana."

Akafumba macho. "Basi uko chini ya jabali la Walikokula Kamba. Hapo ndipo bibi yangu na wenzake walichemsha kamba za ngozi wakazila, wakaishi mpaka sili waliporudi. Kuna kijito kinamwaga maji ya theluji. Weka jabali mkono wa kulia, nenda taratibu, na upige kelele. Mwangwi ukikuitikia, endelea. Ukikatika, simama."

Saa nzima ikapita. Kila alipotuita sauti yake ilikuwa imezidi kukauka. Hatimaye akasema, "Mwangwi umekatika."

Tobiasine aliishusha redio mapajani. Kwenye mdomo wa ghuba yetu kuna jiwe liitwalo Jino, na Jino ndilo lililompindua kaka yake na mtumbwi wake, akazama akiwa na miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumsikia akilitaja.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mbele yako, upande wa kushoto, kuna Jino. Maji yakijaa halionekani. Usisogee mpaka nikwambie." Akanigeukia. "Nenda kawape mbwa chakula."

"Sasa hivi?"

"Waone samaki, ila wasipate! Nataka walie."

Nikaelewa. Wakati wa kiangazi mbwa wetu, wanaotuvutia mizigo barafuni, hufungwa kwenye rasi, upande salama wa ghuba. Nilikimbia na ndoo, majirani wakanifuata na zao. Mbwa wale, karibu mia, waliponusa samaki wakainua vichwa wakalia mpaka mawe yakaitikia. Tukawapitishia ndoo puani huku tukiwaomba radhi.

Huku nyuma, redioni, Tobiasine alikuwa akimwambia Pavia, "Fuata kelele za mbwa. Ziwe mbele ya uso wako. Zikihamia sikio la kulia, umelikaribia Jino, rudi."

Boti ikachomoza kwenye ukungu, taratibu, kama mtu anayenyata. Tukawamwagia mbwa samaki wote.

Pavia akashuka. Tobiasine, naye ameshafika ufukweni, alimtazama juu mpaka chini. "Mbona umechelewa? Chai imepoa."

Pavia hakucheka. Aliushika mkono wake wenye mafuta, akauweka kwenye paji la uso, akalia mbele ya watu wote. Hakuna aliyemcheka.

Wiki iliyofuata Pavia alimtandikia Tobiasine ngozi ya dubu ndani ya boti, wakauzunguka mwambao siku tatu. Tobiasine akitaja jina, Pavia akirudia. Akikosea anapigwa kofi la bega. Walipofika kwenye Jino aliomba injini izimwe. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alilitamka jina la kaka yake, Ittukusuk, akamsimulia Pavia jinsi alivyokuwa akirusha chusa, alivyokuwa mbishi, na kicheko chake kilivyosikika kutoka ng'ambo ya ghuba.

Alirudi sauti imemkauka kabisa. Aliniambia kwa kunong'ona, "Mumeo ana kichwa kigumu. Lakini kitu kikiingia humo, hakitoki."