Ushuru wa Wasiozaliwa Bado

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtoza ushuru alikunjua meza yake kwenye lango la soko. Aliweka kitabu cha stakabadhi kulia, kidau cha wino wa zambarau kushoto, na jiwe juu ya karatasi ili upepo usimwongezee kazi. Kila mfanyabiashara alilipa, akaandikiwa jina, akachovya kidole gumba cha kushoto kwenye wino, akaingia. Bila kidole cha zambarau ungetozwa tena kwenye lango la nyuma, na huko hakukuwa na mjadala.

Jumatatu hiyo foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Muuza vitunguu, mjane aliyehesabu chenji mara mbili hata akirudishiwa na dada yake mwenyewe, aliwatazama waliomtangulia na hakumtambua hata mmoja. Hawakuwa na mizigo. Kila mmoja alishika sarafu kamili mkononi.

"Ninyi wageni wa nani?" akamuuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Sisi wa hapa hapa, bibi. Hatujazaliwa bado, basi."

Muuza vitunguu alidhani ni watu wa manispaa wametumwa kujaza foleni. Alimkagua kuanzia viatuni kwenda juu, mpaka akaona mwanya wa meno, ule ule wa binti yake. Binti huyo wakati huo alikuwa ndani ya soko akishona mashati, na tumbo la miezi saba likimweka mbali na cherehani.

Mtoza ushuru alieleza bila kuinua kichwa. Mji ulitaka barabara ya lami kutoka sokoni mpaka kliniki, kilomita nne. Hazina ilikuwa tupu. Baraza lilikopa, likaweka rehani ushuru wa soko wa miaka arobaini ijayo.

"Mkopeshaji kasema miaka arobaini hawezi kungoja, kwa hiyo watakaoulipa wameitwa walipe sasa hivi. Haya, mama, songa, unaziba watu."

Foleni ikasonga. Wiki nzima bibi na mjukuu wakapanga foleni pamoja, na siku ya tano bibi akauliza lililokuwa likimkera.

"Huko kwenu barabara ipo?"

"Ipo."

"Inafika wapi?"

Mjukuu alitazama kidole chake. "Kwenye kona ya fundi baiskeli."

"Na kliniki?"

"Kwa miguu, bibi. Matope mpaka hapa." Akagusa goti.

Damu ilimchemka muuza vitunguu. Alimwachia binti yake biashara, akaenda moja kwa moja kwa mweka hazina wa mji. Mweka hazina alikuwa mpole kupita kiasi, jambo ambalo bibi hakulipenda tangu mlangoni. Alimpa kiti, akamwonyesha ramani ukutani. Mstari mwekundu ulianzia sokoni ukaishia mlangoni mwa kliniki.

"Barabara yako hiyo, mama."

"Mjukuu wangu anasema inaishia kwa fundi baiskeli."

"Ana umri gani?"

"Hajazaliwa."

"Basi hawezi kuleta malalamiko. Fomu inataka tarehe ya kuzaliwa."

"Na kulipa anaweza?"

Mweka hazina alizipanga kalamu zake upya juu ya meza. "Kulipa hakuna fomu, mama."

Lami ilimwagwa kwa wiki sita. Ilipofika kwenye kona ya fundi baiskeli, greda liliondoka kwenda kutengenezwa na halikurudi. Mweka hazina alikata utepe pale pale. Fundi baiskeli alisogeza benchi lake mpaka mwisho wa lami, maana rimu nyingi zilikuwa zikipinda hapo. Ramani haikuguswa.

Siku ambayo mjukuu hakuonekana kwenye foleni, bibi alijua. Saa tano uchungu ukamshika binti yake katikati ya mshono wa kola. Mchukuzi wa mizigo alimlaza kwenye mkokoteni, wakateleza vizuri juu ya lami mpaka kwenye kona. Baada ya hapo magurudumu yalizama. Bibi alisukuma huku akilitukana baraza zima, mmoja mmoja kwa cheo chake, na alilia kwa hofu bila kujificha. Mtoto alizaliwa juu ya mkokoteni, wakati bati la kliniki likionekana kwa mbali. Damu ilimwagika nyingi mno, lakini mama na mtoto walifika hai.

Mkunga alimwosha mtoto. Alikisugua kidole gumba cha kushoto kwa sabuni mara tatu, na zambarau haikutoka. Akaandika kwenye kadi: msichana, kilo tatu, kidole kina wino.

Siku ya tatu baba wa mtoto alikuja kuwachukua, wakarudi nyumbani kwa kupitia sokoni. Mtoza ushuru aliomba kuona kidole cha mtoto, kama anavyoomba kwa kila mtu.

"Huyu ameshalipa."

"Kalipia barabara ipi?" bibi akauliza.

Mtoza ushuru alisema yeye ni wa stakabadhi tu. Kisha akauliza mtoto anaitwa nani. Baba na mama walitazamana. Walikuwa wamebishania jina mwezi mzima, na kila mmoja alikuwa bado anashikilia lake.

"Bado," akasema mama.

Mtoza ushuru akafungua kitabu, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akawasomea.

Lilikuwa jina zuri. Likawa hilo. Bibi alilipa ushuru wake, akachovya kidole, akahesabu chenji mara mbili.