Dakika Kumi na Tano Chini ya Taa

Wagonjwa ndio waliompachika jina la Dakika, na jina likamkaa. Alikuwa mhudumu wa chumba cha taa katika zahanati moja ya ghorofani: kiti cha kulalia, pazia zito, saa ya kengele, na taa moja kubwa nyekundu yenye shingo ndefu. Wenye magoti na vidole vya kuuma walikuja kumulikwa mara mbili kwa wiki, dakika kumi na tano kila mmoja, macho yamezibwa kwa miwani nyeusi ya mpira isiyopitisha hata chembe ya mwanga. Kengele ikilia, taa inazimwa. Umbembeleze, umletee maneno matamu, taa inazimwa.

"Vidonge vya daktari unameza?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila aliyeingia. "Taa hii ni msaidizi tu. Ukiacha dawa ukaja kuota hapa kama paka, usije kunilaumu."

Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja fundi wa kufuma masweta ya shule, vidole vimemvimba na kupinda kama tangawizi. Binti yake alimleta kila Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi, akamwacha kitini, akashuka dukani. Huyo bibi alikuwa na mdomo, weee! Siku ya kwanza alipovishwa miwani alisema, "Usidhani kwa kuwa sioni utanichokonolea mkoba wangu. Mimi namjua mtu hata kwa anavyopumua." Dakika alicheka mpaka akashika ukuta.

Wiki ya pili, bibi akiwa ameshalala chini ya taa, mwanamume wa kama miaka arobaini alisimama mlangoni. Alikuwa fundi kufuli, na alikuwa amelibana shada lake la funguo kwenye ngumi ili zisilie.

"Dada, yule aliyelala humo ni mama yangu," alinong'ona.

"Basi subiri amalize umsalimie."

"Hanitaki."

Akamweleza pale pale ukumbini, macho sakafuni. Miaka mitano nyuma baba yake alikuwa mahututi, akamwulizia siku tatu mfululizo. Walikuwa wamegombana, naye akavimba kichwa, akangoja kuombwa radhi kwanza. Baba akafa. Hata mazikoni hakwenda, kwa aibu. Alipojikokota kwenda nyumbani baada ya wiki, mama yake alimkuta mlangoni akamwambia mbele ya watu: "Naapa, macho yangu hayatakuona tena mpaka naingia kaburini."

"Na mama akisema, kasema," alimaliza yule fundi. "Sasa nimesikia huku mnawaziba macho. Akiwa na miwani hanioni, kiapo chake hakivunjiki. Niache nikae pembeni nimtazame tu."

Kweli Dakika alipaswa kukataa. Si halali kumwingizia mgonjwa mtu bila yeye kujua, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafokea wenzake kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini alimtazama yule mtu mzima anavyozibana funguo zake, moyo ukamlainika. "Mara moja tu," alisema. "Na ukikohoa, nakutoa mwenyewe."

Mara moja ikawa mara ya pili, mara ya pili ikawa wiki sita. Dada yake akishashuka dukani, fundi alivua viatu mlangoni, akanyata, akakaa kwenye kigoda karibu na pazia. Kengele ikikaribia alitoka kabla mama yake hajavuliwa miwani. Tatizo lilikuwa pua yake. Akishatulia, ilitoa kamluzi kembamba kila alipovuta pumzi, na Dakika alimkata jicho mpaka akaiziba kwa kiganja.

"Leo ungesema," Dakika alimsuta ukumbini kila mara. "Shikamoo tu. Shikamoo inakushinda?"

"Ijumaa, dada."

Ijumaa ikifika, ikawa Jumanne. Siku moja Dakika alipombana sana, alijibu kwa sauti ya kukatika: "Nikisema akanifukuza, hata hizi kumi na tano nitazikosa. Nitabaki na nini?"

Bibi naye alianza vituko vyake. Kila kengele ilipolia aling'ang'ania kiti. "Niongeze tano, mwanangu."

"Taa si chai, bibi, haiongezwi. Ngozi itakuungua."

"Basi zima hiyo taa yako, niache nilale tu na miwani yangu."

"Na wale walio kwenye benchi huko nje niwaambie nini?"

"Roho yako ngumu kama kiti chako hiki!"

Dakika alicheka, akamvua miwani. Bibi aliomba tano zake kila Jumanne na kila Ijumaa, na kila mara alinyimwa, na ikawa mzaha wao wa kuagana.

Kisha Ijumaa moja kiti kilikaa kitupu. Fundi alikuja, akangoja, akaambiwa labda ni mafua, akaenda zake. Jumanne iliyofuata, Dakika hata pazia hajafungua, binti wa bibi aliingia peke yake, macho mekundu.

"Mama ametutoka," alisema. "Moyo, si vidole. Alhamisi. Tumemzika Jumamosi."

Dakika alimshika mikono, akampa pole, mara akashtuka. "Na kaka yako? Mlimwambia?"

"Tumwambie wapi? Namba yake haipatikani, kibanda chake cha zamani tulikwenda tukakuta muuza soda. Hakuna anayejua alikohamia." Akafuta pua. "Nimekuja kwa sababu mama alinituma kwako. Nilidhani ni homa inaongea. Alisema hivi: kamwambie yule mchoyo wa dakika kwamba nilikuwa najua. Pua ile nimelala nayo chumba kimoja miaka saba, itanipotea vipi? Kila siku neno linafika kooni, kengele inalia." Akamtazama Dakika usoni. "Wewe umemwelewa?"

Dakika akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alimwelewa sana. Akamsimulia yule binti yote, tangu viatu vya mlangoni mpaka kigoda cha pembeni, bila kujitetea popote. Binti alilia hadi akamaliza, hakugomba.

"Leo anakuja?"

"Saa tatu."

"Mimi siwezi kumwambia, dada. Niliyoyaona yananitosha. Mwambie tu nyumba iko pale pale, na mlango sijaufunga." Akaondoka.

Saa tatu ilipopita kidogo fundi alitokea, viatu mkononi tayari, akachungulia. Akaona kiti kitupu. "Bado mafua?"

"Ingia, kaka. Vaa viatu vyako, ukae."

Kwa kuambiwa avae viatu, alijua. Alibaki amesimama navyo. Dakika hakuzungusha maneno. Alimwambia siku ya kufa na siku ya kuzikwa.

"Jumamosi," fundi alisema. "Jumamosi nilikuwa kibandani nachonga funguo. Saa ngapi?"

"Sikuuliza."

"Nilikuwa nacheka na wateja." Alirudia hilo mara mbili. "Kukosa mazishi ya baba nilijitakia. Haya ya mama ni kosa la nani?"

Dakika akamfikishia maneno ya mama yake, neno kwa neno, pamoja na pua na koo na kengele. Alipofika hapo uso wake mwenyewe ulikuwa umelowa. "Aliniomba tano kila siku, nikamnyima. Ningezima taa tu, nikamwacha amelala. Ningepoteza nini mimi? Nilikuwa nakazania kengele kama mwendawazimu."

Fundi alitikisa kichwa. "Usijitwike, dada. Ungempa hata saa nzima. Kila siku nilikuwa pale kwenye kigoda namwomba Mungu kengele ilie, nisilazimike kusema."

Nje mgonjwa wa zamu iliyofuata aligonga. "Dakika! Saa yangu imefika!"

"Subiri," Dakika alisema. Kwenye benchi kule walisikika wakishangaa, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Fundi aliweka viatu chini, akavivaa, akafunga kamba taratibu. Akaenda mpaka kilipo kiti, akasimama upande wa kichwani, pale ilipokuwa inalala ile miwani nyeusi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeingia nyumbani.

Kilichosikika ni kamluzi ka pua yake tu. Dakika alifungua mdomo amwitikie, kisha akaufunga. Marahaba ile haikuwa yake kuitoa.