Dakika Saba za Mshale

Pale hospitalini, tarishi waliyempachika jina la Mshale hakuwahi kuchelewa. Miaka kumi na mmoja alibeba damu ya wagonjwa kwa pikipiki, kutoka zahanati hadi maabara, na siri ya mbio zake aliijua peke yake: kila asubuhi alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki ili aibe dakika saba. Dakika hizo alizipeleka kwa mama yake, ambaye hamezi kidonge cha presha mpaka mtu amsimamie.

Kisha ikaja droni, kindege kisicho na rubani, chenye akili ya kujifunza chenyewe. Lakini hata mwenye akili hufundwa, kwa hiyo fundi alifunga kidude kwenye pikipiki ya Mshale, kimfuate miezi mitatu na kunakili kila kona. Mkurugenzi akamwahidi, "Ikifaulu, wewe ndiye utakuwa msimamizi wake." Mshale akafurahi, maskini. Alidhani kidude kinanakili njia tu. Nani angejua chuma nacho kina umbea?

Siku ya uzinduzi wageni walijaa uwanjani, macho kwenye skrini kubwa. Droni ikapaa, ikakata kushoto penye tangi la maji, ikanyooka. Makofi yakalia. Halafu, taratibu, ikashuka kwenye ua wa nyumba moja ya bati la bluu na kutulia. Kwenye skrini akatokea bibi mwenye ndoo, akiikodolea macho. Dakika saba kamili zilipotimia, ikaondoka zake.

"Pale ni wapi?" mkurugenzi aliuliza.

Jasho lilimlowesha Mshale hadi kwenye kola. "Kwa mama, bosi. Ni mambo ya dawa zake."

"Kila siku?"

"Kila siku. Lakini sijawahi kuchelewa."

"Ni kweli, hajachelewa hata mara moja," alisema fundi. Hakuna aliyemsikiliza.

Kesho yake barua ikatoka: wizi wa muda wa kazi. Droni haikuguswa. Kuisahaulisha ule ua kungetaka ifundishwe upya miezi mitatu, na mwalimu wake ndiyo kwanza amefukuzwa. Katika ripoti dakika saba zikaandikwa "muda wa kupoza mota", na mkurugenzi akapongezwa kwa uangalifu wake.

Sasa Mshale anashinda kwa mama yake, na muda anao tele. Asubuhi moja, saa nne kasorobo, alimpelekea kidonge na glasi ya maji. Mama hakunyoosha hata mkono.

"Bado. Ngoja mwenzio aje, ndiyo saa yangu."

"Mama, si mimi niko hapa?"

"Upo, ndiyo. Tangu alfajiri upo." Mvumo ukasikika juu ya bati. "Haya baba, toa hicho kiti chako uani, atue. Yeye ana kazi."